Injini Iliyoagizwa Pito

Kwa maoni ya Cleophas, duniani kuna magari ya namna mbili: yanayosukumwa na matairi ya nyuma, na yaliyokosewa. Maoni hayo aliyatoa Majengo, kwenye benchi la nje ya duka la vipuri, kila siku isipokuwa Jumapili, ambapo aliyatoa nje ya kanisa. Yeye mwenyewe wakati huo alikuwa na baiskeli. Nayo ilisukumwa na tairi la nyuma, kwa hiyo katika hilo hatuwezi kumlaumu. Breki haikuwa nayo. Alipotaka kusimama alikandamiza tairi kwa kandambili, na kandambili zake zilikuwa zimelika upande mmoja kama kipande cha sabuni.

Ujuzi wake ulitoka sehemu mbili. Kwanza, aliwahi kuwa utingo kwenye lori la ushirika, miaka ile ushirika ulipokuwa bado na malori. Pili, bruda mmoja wa misheni, fundi, alipokuwa anarudi kwao uzeeni alimwachia boksi zima la magazeti ya magari. Yalikuwa ya Kijerumani. Cleophas hakujua Kijerumani hata cha kuombea maji, na hilo lilimsaidia sana, maana pale kwenye benchi hakuna aliyeweza kumwambia kwamba sivyo ilivyoandikwa.

Basi alinena. Kwamba uzito ni dhambi, na gari jepesi lenye nguvu kidogo litalipita gari zito lenye nguvu nyingi kwenye kona ya kwanza. Kwamba injini ya kemshafti moja ni kama mtu wa jicho moja: anaona, sawa, lakini asijivune. Kwamba tabo ni wizi, kwa sababu injini ya heshima huvuta pumzi yenyewe, haipuliziwi kama moto wa jikoni. Kwamba dizeli ni injini ya watu waliokata tamaa. Na kwamba gari la spoti si mali ya tajiri, hapana. Mjapani amekwisha kumkomboa maskini, ni vile tu maskini hajapata habari. Waliokuwa kwenye benchi waliipata habari hiyo kila siku, na kila siku waliondoka hapo na umaskini wao kamili, haujapungua hata kidogo.

"Cleophas," mmoja aliwahi kumwuliza, "hizo kona unazosema ziko wapi? Toka hapa mpaka Laela mimi nimeona mashimo tu."

"Mashimo ni mambo ya serikali," Cleophas akajibu. "Mimi nazungumzia injini."

Nyumbani kwake Pito, msikilizaji alikuwa mmoja: mkewe, Monika. Monika aliishia darasa la saba, akaolewa, akamzaa Hellena, na kwa miaka kumi na moja akasikia habari za pistoni, valvu na difu. Si kwamba alizipenda. Ila mtu anayepukuchua mahindi, mikono yake ndiyo yenye kazi. Masikio yanakaa bure, na kitu kinachokaa bure hujazwa. Kwa hiyo bila kukusudia Monika akawa mwanamke pekee wa Pito aliyejua kwamba difu, kile chombo kinachogawia matairi nguvu, ikiwa ya kawaida humpa nguvu mvivu, tairi lisilo na mzigo, na difu ya kufunga hulazimisha matairi yote mawili yaende pamoja. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na ya nini?

Sasa, kina mama wa kigango cha Pito walikuwa wamechoka na shingo zao. Kusaga kulikuwa Majengo. Unajitwika debe la ulezi alfajiri, baridi ya Ufipa inakung'ata masikio, unafika unakuta foleni imekutangulia, unarudi jua linazama na unga wako umechanganyika na wa mwenzio. Wakaamua kuwa na mashine yao. Miaka miwili waliuza maharage na ulezi kwa pamoja, wakajenga banda la matofali ya kuchoma, wakaezeka bati, wakanunua kinu cha chuma wakakifunga kwa nati kwenye sementi, na mkanda wake mrefu wakautundika ukutani kwenye msumari. Kilichobaki ni injini ya kukizungusha. Paroko akaahidi kuja kubariki siku ya Kupalizwa, katikati ya Agosti.

Wakakaa kikao. Mwenyekiti alikuwa Bibi Kristiana, mwanamke mkavu, mrefu, aliyezika waume wawili na hakuna aliyethubutu kuwa wa tatu.

"Injini si kuku," alisema Bibi Kristiana. "Huwezi kuipuliza manyoya ukaona kama imenona. Nani hapa anajua injini?"

Macho yote yakamwendea Monika.

"Mumeo anaweza?"

Hapo ndipo penyewe. Kwa miaka kumi na moja Monika alijua kunyamaza, na angeweza kunyamaza siku ile pia. Lakini miaka hiyo yote alikuwa amesikia vicheko vya watu juu ya mumewe, vile vya kukatika ghafla yeye akipita, na kumbe leo, kwa mara ya kwanza, kuna watu wanamhitaji Cleophas kwa hicho hicho walichomchekea. Akasema neno moja.

"Anaweza."

"Tumekusikia wewe," akasema Bibi Kristiana. "Si yeye. Wewe."

Cleophas akasindikizwa kituo cha basi na kuku wa kukaanga, ugali wa safari na wimbo. Alikuwa akienda Dar es Salaam, kule ambako, tangu ruksa ya biashara iingie, kila kitu kilikuwa kinashuka bandarini: redio, mashuka, viatu vya mguu mmoja mmoja, na magari ambayo Wajapani walikuwa wamekwisha kuyachoka. Aliagizwa dizeli ya silinda moja, ile ya gurudumu kubwa la chuma, inayokohoa kama babu na kufanya kazi kama punda. Aliandikiwa kwenye karatasi. Karatasi ilikunjwa mara nne na Monika mwenyewe akaitia mfukoni mwa koti la mumewe.

Alirudi baada ya wiki tatu. Hellena ndiye aliyeona vumbi kwanza. Kina mama walikuwa bandani wamejaa, wamefunga khanga mpya, wakiimba na kutazama barabarani lori litokee. Lori halikutokea. Kilichotokea ni kitu chekundu, kifupi, kilicholala chini kama mbwa aliyefumwa jikoni, kina taa kama macho, zinazochomoza zenyewe juu ya boneti. Kilipiga kona mbele ya banda, kwa kuwa Cleophas hatimaye alikuwa amepata kona, kikasimama. Mlango mmoja haukufunguka. Akatokea wa upande wa pili, amevaa glavu za ngozi zenye matundu na miwani ya jua, na vumbi la kutoka Tunduma limemfanya mzungu.

Wimbo ulikufa katikati. Bibi Kristiana akalizunguka lile gari taratibu, mikono nyuma.

"Shikamoo, bibi," akasema Cleophas.

"Marahaba. Injini iko wapi?"

Cleophas akafungua boneti kwa vidole viwili, kama mtu anayefunua kitanda cha mtoto aliyelala. "Hii hapa. Elfu moja mia sita. Kemshafti mbili, valvu kumi na sita. Bibi, kule Dar walitaka kunipa dizeli ya silinda moja. Silinda moja! Nikasema, watu wa Pito hawawezi kudharauliwa namna hii."

"Na hili lingine lote lililoizunguka?"

"Hilo ni nyongeza," akasema Cleophas. "Bei ileile. Kwa sababu ya ule mlango."

Kuna mwanamke mmoja nyuma aliyeanza kucheka akaona hakuna wa kumuunga mkono, akaacha. Bibi Kristiana hakumtazama tena Cleophas. Alimtazama Monika, kwa muda mrefu, halafu akatundua khanga yake mpya mabegani, akaikunja vizuri, akaiweka kwapani. Na wengine wakafanya vivyo hivyo, mmoja mmoja, wakaenda zao.

Cleophas alikuwa na mpango. Mtu kama yeye hakosi mpango. Angelipeleka gari Majengo, angemwuzia mfanyabiashara kwa bei mara mbili, na kina mama wangepata dizeli mbili badala ya moja, kama kweli walikuwa wamekata tamaa kiasi hicho. Akamleta Kasmir, mwenye duka la jumla, mtu mnene anayetweta akiwa amekaa. Kasmir akaingizwa kwenye kiti cha mbele kwa msaada wa watu wawili. Magoti yakamfika kidevuni.

"Linabeba magunia mangapi?" akauliza kutoka humo ndani.

"Halibebi magunia, mzee."

"Watu?"

"Wawili. Nyuma kuna kiti, lakini kwa mtu asiye na miguu."

"Sasa linafanya nini?"

"Linakimbia."

Kasmir akafikiri. "Linakimbilia wapi?"

Cleophas akamweleza juu ya uzito na nguvu, akamweleza juu ya kemshafti. Akamweleza pia kwamba linatoa moshi mweusi kwa sababu huku kwetu juu hewa ni nyembamba na kabureta imezoea hewa nzito ya pwani, jambo ambalo, niseme haki, lilikuwa kweli. Kasmir alisikiliza yote, si kwa kupenda, ila kwa kuwa hakuweza kutoka. Walipomvuta hatimaye, akajipangusa suruali na kusema, "Mwanangu, mimi nina lori. Baya, lakini likipita mtu anajua nina duka. Nikipita na hili watadhani nimefilisika nikapata kichaa."

Kurudi Pito, walikuwa wawili garini, Cleophas na Monika, maana Monika alikuwa amekwenda sokoni kuuza maharage. Kabla ya kufika nyumbani barabara ilikuwa imechimbwa na malori ya mavuno, mifereji miwili mirefu na tuta katikati. Malori hupita tuta likiwa chini yao. Gari la spoti, ambalo ubora wake wote, kwa maelezo ya mwenyewe, ulikuwa katika kulala chini, likapanda tuta kwa tumbo na kukaa pale kama kobe juu ya jiwe.

Cleophas akakanyaga mafuta. Injini ikalia vizuri sana. Gari halikwenda.

Monika akashuka, akainama pembeni, akatazama. Tairi la nyuma la kulia lilikuwa limegusa ardhi, limetulia tuli, halina habari. La kushoto lilikuwa hewani, linazunguka kwa kasi ambayo Monika hajaona kitu chochote kikizunguka maishani mwake. Vumbi liliruka mpaka kwenye shamba la mtu. Alitazama tairi hilo, kisha lile lingine, akarudi tena kwa la kwanza. Aliinama pale muda mrefu kiasi kwamba Cleophas akauliza kama amepoteza kitu.

"Hapana," akasema. "Kanyaga tena kidogo."

Aliyewatoa ni Bundala, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake upande wa bondeni, ambaye alikuja na jozi moja ya maksai na mnyororo, bila kukimbia.

"Bwana mkubwa," akasema Bundala akifunga mnyororo, "hili ndilo lile linalowapita wote?"

"Kwenye lami," akasema Cleophas.

"Ahaa. Na hawa maksai wangu kwenye lami wanateleza. Kila mtu na pake." Akawagusa ng'ombe kwa fimbo, gari likashuka kwenye tuta. "Lakini jina zuri lina. Spoti. Mimi hawa nimewaita Kazi na Njaa."

Wiki mbili zikapita. Hakuna aliyemtukana Monika. Ingekuwa afadhali. Kisimani walimpisha achote kwanza, kama mgeni. Kanisani benchi aliloketi lilibaki na nafasi, nafasi kubwa sana, wakati mabenchi mengine wamebanana. Hellena alirudi siku moja akauliza kwa nini mama yake anaitwa Mama Anaweza. Monika akaendelea kupukuchua mahindi, yale ambayo kesho yake angeyabeba kichwani mpaka Majengo, akipita mbele ya banda lenye kinu kizima kisichozunguka.

Siku tatu kabla ya Kupalizwa, Bibi Kristiana akaja. Alikataa kiti.

"Paroko anakuja. Mimi sitasema kitu," akasema. "Utasimama wewe, umwambie kwa nini anabariki banda la popo."

"Nimesikia, bibi."

"Na nimeongea na Bundala. Baada ya baraka analeta ng'ombe na mnyororo, tuichomoe hiyo injini humo ilimo. Mumeo alisema hayo mengine ni nyongeza."

Alipokwisha kuondoka, Monika akamkuta Cleophas nyuma ya nyumba anafuta vumbi kwenye gari kwa kitenge. Kitenge kilikuwa cha Monika. Akaketi kwenye kinu cha kutwangia kilicholazwa.

"Baba Hellena, unajua mimi injini sizijui. Nasikia tu."

"Hilo si kosa lako."

"Ulisema gari la kweli nguvu zake ziko nyuma."

"Nyuma. Lazima. La mbele huvuta kama mbuzi anayekokotwa."

"Kwa hiyo lingekuwa lile la kuvutwa mbele, nguvu za nyuma zisingekuwepo."

"Sifuri."

"Na tairi likiwa hewani, nguvu zinakwenda wapi?"

Cleophas akaacha kufuta. Aliulizwa swali, na kuulizwa swali kwake kulikuwa kama mtu mwingine kupewa pombe. Akaeleza. Zinapotea, mama Hellena, zinaishia hewani. Labda uzifunge kwenye kitu. Kama nini? Kama chochote, mkanda kwa mfano, ukiondoa tairi ukabakiza ringi tupu, mkanda unakaa vizuri sana kwenye ringi, unaweza kuzungusha hata...

"Hapana," akasema.

"Mimi sijasema kitu."

"Valvu kumi na sita, Monika. Zisage ulezi?"

"Bibi Kristiana anasema Bundala ataleta mnyororo," akasema Monika. "Wataichomoa wenyewe. Sijui kama wanajua kuchomoa."

Cleophas akalitazama gari lake. Akawaza, bila shaka, maksai wawili na mnyororo kwenye kemshafti zile. Na kufikia jioni ile wazo lilikuwa lake, amelifikiria siku nyingi, alikuwa anasubiri wakati tu.

Asubuhi ya Kupalizwa gari lilirudishwa kinyumenyume mpaka mlangoni mwa banda, likaelekezwa makalio ndani. Magogo yakakingwa mbele ya matairi. Habari zilikuwa zimetembea; kina mama walikuja hata wale waliosema hawaji, na Bundala alikuja na mnyororo wake begani, iwapo utahitajika. Paroko alikuwa anasoma misa kigango cha jirani, angefika kwa pikipiki wakati wowote. Madebe mawili ya ulezi yalikuwa yamesimama kando ya kinu.

"Tunanyanyua nyuma kote," Cleophas akatangaza. "Pande zote mbili."

"Siku ile kwenye tuta lilizunguka moja," akasema Monika, taratibu, kwa ajili yake peke yake.

"Kulikuwa na vumbi, hukuona vizuri. Hili ni gari la spoti, difu yake ni ya kufunga. Aliyeniuzia aliniapia. Difu ya kufunga ukinyanyua upande mmoja, ule ulio chini utalisukuma gari, litaruka litoke juu ya jeki liwaue watu. Unataka hilo?"

Na maneno hayo, kuhusu difu ya kufunga, yalikuwa sahihi yote. Monika aliyajua. Mtu aliyesubiri miaka kumi na moja hashindwi kusubiri robo saa.

Wakanyanyua kote, jeki huku, magogo kule. Tairi la kushoto likavuliwa, mkanda ukatunduliwa kwenye msumari na kuvishwa kati ya ringi na kinu. Cleophas akavaa glavu. Kwa nini alivaa glavu hakuna aliyeuliza. Akaingia, akawasha, injini ikaunguruma, na mimi sitasema uongo, ilikuwa sauti nzuri, hata Bibi Kristiana alinyoosha shingo. Akatia gia.

Mkanda ukatikisika. Kinu kikatulia kimya. Ila upande wa pili, kulia, kule ambako hakukuwa na mkanda wala kinu wala kazi yoyote, tairi likazunguka kwa furaha, likawa ukungu mweusi, likapeperusha khanga za watu.

Cleophas akaongeza mafuta. Kulia kukazidi kufurahi.

Akazima. Ulisikia bati likitanuka kwa jua. Cleophas alibaki amekaa, mikono kwenye usukani, na waliokuwa karibu waliona anachokitazama: hatazami kitu. Alikuwa anaelewa. Difu haikuwa ya kufunga. Ilikuwa ya kawaida kabisa, kama ya teksi, inayompa nguvu mvivu. Na mtu wa Dar es Salaam aliyeapa kwa mama yake alikuwa amemwona mteja aliyevaa glavu akitokea mbali.

"Bundala," akasema Bibi Kristiana. "Mnyororo."

"Subirini kidogo," akasema Monika.

Hakupaza sauti. Akapita mbele ya gari, akaenda upande wa kulia, akapiga magoti kwenye vumbi na nguo yake ya sikukuu, akaanza kufungua jeki. Ikashuka kidogo kidogo. Tairi la kulia likagusa ardhi, likakaa. Akalikinga kwa jiwe mbele na nyuma, akalisukuma kwa mguu kuona kama limetulia. Upande wa kushoto, wenye mkanda, akauacha juu.

"Huyu akae," akasema, akijipangusa magoti. "Akikaa yeye, mwenzake atafanya kazi. Kama walivyo watu." Kisha akaenda dirishani. "Washa, Baba Hellena."

"Wewe umejuaje?"

"Ulinifundisha wewe. Gia ya tatu. Na usiachie mafuta, maana nguvu za injini hii ziko juu, chini haina kitu. Wakimimina ulezi itakufa."

Hayo pia alikuwa amemfundisha yeye.

Injini ikawaka. Gia ikaingia. Mkanda ukakaza, ringi ikaanza, kinu kikapiga kelele ya chuma kilicholala tangu kinunuliwe, kikakubali. Monika mwenyewe akamimina debe la kwanza. Injini ikalegea, ikataka kuzima. "Ongeza," akasema Monika, na ikaongezwa. Mdomoni mwa kinu ukatoka unga, wa kahawia, wa moto. Bibi Kristiana akakinga kiganja, akauonja, akautema, akauonja tena.

"Unakwaruza kidogo," akasema. Halafu akachomoa kwapani khanga yake mpya, aliyokuja nayo bado imekunjwa, akaifunga.

Paroko alipofika alikuta kina mama wamejaa unga na gari jekundu limepachika makalio bandani, moshi mweusi unatoka, na ndani yake mtu mwenye miwani na glavu ameshika usukani, anatazama mbele kwa makini kabisa, mshale wa mwendo umesimama kwenye themanini. Alisimama na maji yake ya baraka.

"Hili gari linakwenda wapi?" akauliza.

"Haliendi, Baba," akasema Bibi Kristiana. "Ndiyo maana tunamshukuru Mungu."

Likanyunyiziwa. Matone kadhaa yaliingia dirishani, Cleophas akawasha waipa.

Alilazimika kukaa humo kila siku ya kusaga, maana jiwe lililojaribiwa kwenye kanyagio la mafuta halikujua kuongeza na kupunguza. Watu wa benchi la Majengo walikuja kutazama, wakauliza kama kona za Pito ni kali. Kwa muda alinyamaza, jambo ambalo liliwatisha jamaa zake. Kisha akapata maoni mapya: kwamba ubora wa injini haupimwi kwa mahali inapofika, na kwamba magari ya spoti mengi duniani huharibiwa na kuendeshwa. Kwa saa ya kilomita iliyo mbele yake, kufikia Krismasi alikuwa amekwisha kwenda Dar es Salaam na kurudi, mara mbili, bila kona hata moja na bila shimo. Kwa petroli pia alikuwa amekwenda na kurudi. Na hilo kina mama hawakulisahau, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wanainunua.

Kwa hiyo baada ya mavuno yaliyofuata wakakaa kikao tena. Ajenda ilikuwa ileile: dizeli ya silinda moja, inayokohoa.

"Nani anajua injini?" akauliza Bibi Kristiana.

Cleophas, ambaye hakualikwa, alikuwa mlangoni. Akakohoa.

Macho yote yakamwendea Monika, na safari hii benchi lake lilikuwa limebanana pande zote, kiasi kwamba ilibidi mtu amwinukie ili asimame.

"Nitakwenda mwenyewe," akasema Monika. "Naomba mniandikie karatasi."

"Ya nini?" akasema Bibi Kristiana. "Karatasi ni ya mtu asiyesikia."

Alfajiri ya safari Cleophas alimbebea mzigo mpaka kituo cha basi, kwa miguu, kwa kuwa gari lilikuwa na tairi moja pungufu na kazi ya kusaga. Njia nzima alimweleza mambo ya kuangalia kwenye dizeli. Monika alisikiliza yote. Kabla ya kupanda alimwuliza swali moja: ile dizeli ikifika, lile gari litafanya nini?

"Litakimbia," akasema Cleophas, na macho yakamng'aa.

Monika akapanda basi, akaketi dirishani, akaanza kufikiri ni nani Pito angehitaji maji yapandishwe kutoka bondeni kwa pampu ya mkanda.